Ufundi wa Nyumbani: Uti wa Mpini



Barua za juma hili zilikuwa za kawaida isipokuwa moja. Mama mmoja wa Mombasa ameandika kwamba bintiye, mwenye umri wa miaka 14, ameanza kujifunza gofu, na ami yake binti huyo, anayeishi Marekani, amemletea zawadi ya fimbo. Lakini zawadi yenyewe imekuja vipande vipande: vichwa vya chuma vimefungwa katika sanduku, mipini mirefu myeusi imetiwa katika bomba la karatasi ngumu, na mishiko ya mpira imo mfukoni. Ami ni katika wale watu wanaounda fimbo zao wenyewe nyumbani, kama wengine wetu tunavyojishonea nguo, na alitaka mtoto apimwe kimo kwanza ndipo mipini ikatwe.

Mama alipoupeleka mzigo kwa fundi mmoja mjini, fundi akamwambia kwamba mipini hiyo haifai kitu mpaka ipangwe uti, akataja na ujira ambao, kwa maelezo ya mama, ungetosha kununua seti nzima iliyokwisha kutumika. Kaka wa binti asema kazi hiyo ataifanya mwenyewe uani kwa jiliwa aliloachiwa na babu yake. Naye binti ameuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niichague barua hii: kuupanga uti wa mpini, je, si kudanganya katika mchezo?

Wako watakaosema kwamba gofu si jambo la ukurasa huu. Mombasa imekuwa na klabu ya gofu tangu 1911, kisiwani, mbele ya bahari. Kule Vipingo, kaunti ya Kilifi, wanawake kutoka nchi nyingi wameshindana katika mashindano ya wazi ya Kenya ya akina mama. Esther Henseleit wa Ujerumani alitwaa ubingwa 2019, na Aditi Ashok wa India akautwaa 2023. Msichana wa pwani anayejifunza mchezo huu hachezi kitu cha ugenini. Na hata asiyekuwa na mchezaji nyumbani huenda akapenda kujua jinsi kitu kinachoonekana cha mviringo kamili kinavyoweza kuficha upande.

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kinachopiga mpira, mshiko unaoshikwa kwa mikono miwili, na baina yao mpini, ambao mafundi wengi huuita shafti. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Mtazamaji huona kichwa tu, kwa kuwa ndicho kinachong'aa na ndicho kinachotangazwa, lakini mpini ndio unaofanya kazi kimyakimya. Mchezaji anapoanza kuishusha fimbo, kichwa hubaki nyuma na mpini hupinda. Fimbo inapofika kwenye mpira, mpini umekwisha kupinda upande wa pili, kichwa kikatangulia mbele kidogo, na papo hapo ncha ya kichwa ikainama kuelekea chini, kwa kuwa uzito wa kichwa haukai sawasawa juu ya mstari wa mpini bali umekaa ubavuni mwake. Yote haya hutokea kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuyafuata. Basi mpini hupinda katika mwelekeo zaidi ya mmoja kwa pigo moja, na ikiwa haupindi sawasawa katika kila mwelekeo, huo ndio mwanzo wa maneno ya uti.

Zamani mipini ilikuwa ya mti, hasa mti wa hikori wa Marekani Kaskazini. Fundi aliuparuza kwa mkono, akaunyosha kwa moto, akatazama nyuzi za mti zinakwenda wapi kabla hajautia kichwa, kama vile seremala wetu asivyochonga kasia bila kutazama nyuzi za mbao. Baadaye ikaja mipini ya chuma cha pua na chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Wakuu wa mchezo huko St Andrews, Scotland, waliikubali 1929, baada ya Wamarekani kuwatangulia kwa miaka michache. Kuanzia miaka ya 1970 ikaja mipini ya nyuzi za kaboni, ambayo wachezaji huiita ya grafaiti, nayo ndiyo aliyoletewa binti yetu.

Ukitaka kujua mpini wa kaboni unavyotengenezwa, chukua mkeka na mwiko mrefu. Uviringe mkeka juu ya mwiko mpaka uishe. Pitisha kiganja juu yake: utahisi mahali ukingo wa mkeka unapoishia, pana kituta chembamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiwandani hufanya hivyo hivyo. Karatasi nyembamba za nyuzi za kaboni, zilizolowekwa gundi maalumu, hukatwa kwa vipande, kisha huviringwa kimoja juu ya kingine kwenye fimbo ya chuma iliyochongoka. Nyuzi nyingine hulazwa kwa urefu, nyingine kwa mshazari ili mpini usijisokote. Kisha hufungwa utepe, huokwa katika tanuri, fimbo ya chuma ikachomolewa, na ngozi ya nje ikasuguliwa na kupakwa rangi. Rangi hufunika kila kitu. Lakini chini ya rangi zipo kingo za zile karatasi, na pale kingo zilipopandana unene umezidi kwa unywele.

Mipini mingi ya chuma nayo huanza kama ukanda bapa uliokunjwa ukawa bomba, ukaunganishwa kwa kuchomelewa, kisha ukavutwa mara nyingi hadi mshono ukapotea machoni. Mshono ukipotea machoni haina maana kwamba unene wa bomba umekuwa sawa kila mahali, ingawa viwanda vya siku hizi vinakaribia sana.

Hicho ndicho mafundi wanachokiita uti: mwelekeo ambao mpini ni mgumu zaidi kupinda. Na hapa pana kosa ambalo husemwa sana, hata na watu wenye maduka. Husemwa kwamba mpini una upande mmoja mgumu, kama mgongo wa samaki, na kwamba kazi ni kuutafuta upande huo na kuuelekeza mahali panapofaa. Sivyo mambo yalivyo. Bomba linapopindwa, upande mmoja hubanwa na upande wa pili hunyooshwa. Ukilipinda kinyume chake, kazi za pande mbili hizo hubadilishana tu. Kwa hiyo ikiwa mpini ni mgumu ukiupinda kuelekea mlangoni, utakuwa mgumu vile vile ukiupinda kuelekea ukutani ulio mkabala. Ugumu ni wa mstari, si wa upande. Pana mstari mmoja wa ugumu, na pana mstari mwingine wa ulaini unaoukata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Mishazari iliyo baina yao ina ugumu wa kadiri. Mwenye kulielewa hili hatababaishwa na fundi anayemwambia kwamba mpini wake una uti tatu au kwamba uti wake umetazama upande usiokuwa wake.

Sasa tumfuate kaka wa binti uani, maana kazi hii yafaa sana kujifunzwa na kijana, na vifaa vyake si vingi.

Kwanza kabisa, aukate mpini sehemu ya kichwani kwa kipimo kilichoelezwa na mtengenezaji, kabla hajatafuta chochote. Mpini ni mwembamba kichwani na mnene mshikoni, na tabia yake hubadilika kila mahali. Atakachokipima kabla ya kukata si kile atakachokuwa nacho baada ya kukata. Msumeno uwe wa meno madogo, na mahali pa kukatia pazungushiwe utepe wa karatasi ili nyuzi zisichanike. Vumbi la kaboni si kitu cha kuvutwa. Avae barakoa na glavu, afanyie kazi nje, alowanishe msasa, na nguo zake zisichanganywe na za watoto wachanga katika kufua. Nyuzi hizo huwasha kama upupu.

Pili, auviringishe mpini juu ya kioo au meza iliyonyooka, ncha nyembamba ikiwa nje ya meza, aitazame ncha hiyo inavyozunguka. Ikiwa inayumba, basi mpini wenyewe umepinda kidogo tangu kiwandani. Hilo ni jambo tofauti na uti, na wengi huyachanganya. Pana chombo kinachouzwa Marekani kwa ajili ya kutafuta uti: bomba lenye beringi mbili ambamo mpini hutiwa, kisha mtu akaukandamiza ncha yake kwa kidole na kuuzungusha, nao ukaruka na kutulia mahali fulani. Hupendeza kuutazama, na mtu husadiki kwamba mpini umesema. Lakini mpini uliopinda hata kidogo utatulia pale ulipopinda, na chombo hakiwezi kutenganisha kupinda na ugumu. Dave Tutelman, mhandisi Mmarekani aliyeandika mengi juu ya fizikia ya fimbo za gofu, ameisisitiza tofauti hii kwa hesabu, na hesabu yake ni ya kueleweka na yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari. Kwa hiyo chombo hicho mama mwenzangu asihangaike kukiagiza.

Tatu, na hii ndiyo kazi yenyewe. Sehemu nene ya mpini ibanwe katika jiliwa, kiasi cha inchi 5, na mpini ulale sambamba na ardhi kama mlingoti ulioshushwa. Meno ya jiliwa yasiuguse mpini: vichongwe vibao viwili vyenye mfereji na kutiwa kitambaa, la sivyo bomba la kaboni litabonyea na fimbo itakuja kukatika mikononi mwa mtoto. Jiliwa lenyewe lifungwe kwenye meza nzito isiyotikisika, maana meza ikicheza, kila kitakachoonekana kitakuwa ni habari ya meza.

Kwenye ncha nyembamba kifungwe kipande cha chuma au shaba chenye uzito unaokaribia kichwa cha fimbo. Kwa fimbo kubwa ya kupigia mbali, ile iitwayo draiva, ni kama gramu 200. Vichwa vya fimbo za chuma ni vizito zaidi. Kipande hicho kiwe kimetobolewa katikati ili uzito ugawanyike sawasawa kuuzunguka mpini. Kichwa chenyewe kisitumike kwa kazi hii, kwa sababu uzito wake uko ubavuni na utausokota mpini. Mbele ya uzito ufungwe kwa utepe ule mwangaza mdogo wa leza unaouzwa madukani, uelekezwe ukutani. Watoto wakae nyuma yake. Taa hiyo si ya kutazamwa kwa macho.

Kisha kijana avute ncha kuelekea upande kwa inchi mbili, aiachie bila kuisukuma. Atazame nukta nyekundu ukutani. Mara ya kwanza huenda ikaanza kwenda na kurudi kwa mstari, halafu mstari ukafunguka ukawa yai, yai likawa duara, duara likawa yai la upande mwingine. Hiyo ni alama kwamba amevuta katika mshazari: mpini unatetemeka kwa kasi moja kwenye mstari wa ugumu na kwa kasi nyingine kwenye mstari wa ulaini, na mitetemo miwili isiyolingana ikikutana huchora yai. Alegeze jiliwa, auzungushe mpini kidogo sana, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, abane, avute tena. Itafika mahali ambapo nukta itakwenda na kurudi, itakwenda na kurudi, kwa mstari ulionyooka mpaka itulie. Hapo aweke alama kwa kalamu juu ya utepe wa karatasi. Akiuzungusha robo ya mzunguko atapata mstari wa pili ulionyooka. Asipoupata robo ya mzunguko, basi ama meza inatikisika ama uzito haukukaa katikati, arudie.

Nawasihi wale wenye haraka wasiiruke hatua hii ya kutazama, hata kama hawatakuwa na haja nayo. Kuna mambo machache nyumbani yanayoonyesha sheria ya maumbile kwa uwazi namna hii, na kwa gharama ya betri mbili ndogo. Ninajua nyumba moja ambamo bibi wa miaka sabini na kitu alikataa kwenda kulala mpaka mipini yote ya mjukuu imalizike.

Imebaki kujua ni upi mstari mgumu na upi mlaini. Mafundi wenye mashine huhesabu mitetemo kwa dakika. Mpini wa draiva hutetemeka kama mara 250 kwa dakika, na tofauti baina ya mistari miwili huwa ni mitetemo michache tu, basi kuhesabu kwa jicho hakuwezekani. Njia ya nyumbani ni kutundika. Alama ya kwanza ikiwa juu, pima kwa rula urefu kutoka sakafuni hadi kwenye ncha bila uzito wa ziada, tundika kilo moja, pima tena, andika ncha imeshuka kiasi gani. Zungusha mpini mpaka alama ya pili iwe juu, fanya vivyo hivyo. Ulioshuka kidogo ndio mstari mgumu. Sharti kupima kabla na baada ya kutundika ni ile kasoro ya kupinda niliyoitaja: ukitazama tu ncha iko wapi, mpini uliopinda utakudanganya, lakini ukitazama imeshuka kiasi gani, hautaweza.

Mara nyingi, katika mipini mizuri ya siku hizi, atakuta tofauti ni ndogo kiasi kwamba rula haitaiona. Hilo likitokea, amejua jambo kubwa: kwamba mpini huo hauna uti wa kuzungumziwa, na kwamba ujira uliotajwa ulikuwa wa kazi isiyokuwepo.

Je, mstari uelekezwe wapi? Mafundi hawakubaliani. Wengi huelekeza mmoja wa mistari miwili kwenye shabaha, yaani upande mpira unakokwenda, na mwingine kwa hivyo huangukia kwenye ule mwelekeo wa kuinama kwa ncha ya kichwa. Baadhi hutaka mgumu ndio uelekee shabaha, baadhi mlaini, na kila mmoja ana wateja wanaoapa kwamba mpira wao umenyooka. Rai yangu ni kwamba lenye maana ni mpini usiwekwe kwenye mshazari, na fimbo zote za seti moja ziwekwe namna moja, ili mtoto akitoka fimbo ya 7 kwenda ya 8 asikutane na tabia mpya. Katika viwanda vikubwa fimbo nyingi huunganishwa kwa kufuata chapa iliyoandikwa kwenye mpini, chapa ikiwa juu au chini kwa ajili ya kupendeza, na chapa haijui uti uko wapi. Fimbo hizo huchezewa na mamilioni ya watu, na wapo wanaocheza vizuri sana.

Nije sasa kwenye swali la binti. Kanuni za vifaa vya gofu hutolewa kwa pamoja na R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani. Zasema kwamba mpini, popote utakapoupima katika urefu wake, sharti upinde kwa kiasi kile kile hata ukiuzungusha vipi, na ujisokote kwa kiasi kile kile kulia na kushoto. Kwa maneno mengine, kanuni inataka mpini usiokuwa na uti. Lakini waliotunga kanuni wanajua kwamba hakuna mikono wala mashine inayotoa bomba kamilifu, kwa hiyo wakafafanua. Kuupanga mpini ili kufidia kasoro ya kiwandani kunaruhusiwa. Kuupanga ili umsaidie mchezaji, kwa mfano yule ambaye mpira wake hukimbilia kulia kila mara naye anataka mpini umrudishie kushoto, hakuruhusiwi.

Angalia, kitendo cha mkono ni kile kile. Vijana wawili wanaweza kukaa kwenye jiliwa moja, wakaweka alama mahali pamoja, wakatia gundi kwa pembe moja. Mmoja akawa ndani ya kanuni na mwingine nje yake, kwa sababu mmoja amekusudia kuiondoa kasoro na mwingine amekusudia kuitumia. Hakuna mwamuzi atakayekuja na leza uwanjani kuulizia makusudio hayo. Nimeupenda mchezo huu kwa jambo hilo zaidi ya mengine: mchezaji hujihesabia mapigo mwenyewe na hujiandikia adhabu mwenyewe. Basi mwambie binti kwamba swali lake ndilo swali lenyewe, na kwamba jibu linategemea ni nani aliyeulizwa, "wataka fimbo hii ifanye nini?" Akijibu kwamba ataka zote ziwe sawa, hakudanganya.

Kuhusu ujira, sitamhukumu fundi nisiyemsikia. Marekani zipo karakana zinazotoza kwa kupanga uti kwa mashine, na wenye kuzilipa huridhika. Lakini kulipa pesa hizo kwa mtoto anayejifunza ni kununua pazia la hariri kabla nyumba haijaezekwa. Yako mambo manne yanayotangulia, na moja tu likikosewa, uti utakuwa haujulikani upo au haupo.

La kwanza ni urefu. Fimbo za akina mama kwa kawaida huwa fupi kwa kiasi cha inchi moja kuliko za wanaume, na binti wa miaka 14 bado anakua; afadhali mpini uachwe mrefu kidogo naye ashike chini kidogo, kuliko kukatwa ukawa mfupi baada ya mwaka. La pili ni uzito. Mpini wa kaboni wa fimbo za chuma huwa wa gramu 50 hadi 80 hivi, na wa chuma huweza kupita gramu 100. Ami amefanya vyema kuleta kaboni. La tatu ni ulaini wa mpini kwa jumla, ambao huandikwa kwa herufi: L kwa akina mama, A kwa wazee, kisha R, S na X kadiri ugumu unavyozidi. Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, R ya huku yaweza kuwa S ya kule, kwa hiyo mtoto apige mipira kwanza kwa fimbo ya kuazima yenye mpini kama huo. Na wanaomkatia mtoto fimbo ya baba yake wajue kwamba mpini uliofupishwa huzidi kuwa mgumu, na mtoto hupambana na chuma kisichopinda hata akadhani kosa ni lake. La nne ni unene wa mshiko, ambao wengi hausahihishi mpaka mikono ianze kuuma.

Uti unafuata baada ya hayo. Ila kwa kuwa mipini hii haijatiwa gundi bado, kuupanga hakugharimu kitu zaidi ya alasiri mbili za kijana. Kama fimbo zingekuwa zimekwisha kuunganishwa, ningesema ziachwe zilivyo: kukichomoa kichwa kwa moto kutoka kwenye mpini wa kaboni kunaweza kuziunguza nyuzi, na hasara ya kuunguza ni ya hakika kuliko faida ya kupanga.

Siku ya kutia gundi, yahakikishwe kwanza kwamba mpini unaingia shingoni mwa kichwa bila kulegea wala kulazimishwa. Ncha za mipini ya fimbo za chuma zisizochongoka huwa na kipenyo cha inchi 0.370, kama milimita 9.4, na nyingi za draiva ni 0.335, kama 8.5. Rangi ya ncha iondolewe kwa msasa, rangi peke yake, mkono ukome pindi weusi wa kaboni unapoonekana. Shingo nayo isuguliwe ndani na kufutwa kwa spiriti. Gundi iwe ile ya sehemu mbili inayokauka polepole. Ile ya dakika tano haistahimili mapigo. Joto la pwani yetu huiharakisha, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo, fimbo moja moja, asubuhi mapema ikiwezekana. Pete ya plastiki itangulie, mpini uzungushwe ndani ya shingo ili gundi ienee, na mzunguko uishie pale alama inapokabiliana na uso wa kichwa. Alama ihakikishwe mara ya pili kabla ya kuiacha fimbo, maana baada ya saa chache haitageuka. Isichezewe kabla ya saa 24.

Mishiko huja mwisho, kwa utepe wa kunata pande mbili na tapentaini ya kulainishia. Petroli isikaribie nyumba. Kama mshiko una ule mwinuko wa ndani unaoongoza vidole, upangwe na uso wa kichwa. Hapo haina haja ya kuuangalia uti tena.

Jambo la mwisho ni la draiva peke yake. Draiva nyingi za sasa hazitiwi gundi kichwani. Mpini hutiwa gundi kwenye kola, na kola hufungwa kichwani kwa skrubu ili mchezaji aweze kuigeuza na kubadili pembe ya uso. Katika aina nyingi, ukiigeuza kola mpini nao unageuka pamoja nayo, na alama aliyoitafuta kaka kwa alasiri nzima inahamia mshazari. Basi kola na iwekwe kwanza kwenye pembe ambayo mwalimu wa binti ameichagua, ifungwe skrubu, ndipo mpini utiwe gundi. Na namba ya pembe hiyo iandikwe kwenye utepe na kubandikwa chini ya mshiko, ili yeyote atakayeifungua fimbo baadaye ajue pa kuirudisha.